Kitanda cha Mama Ernestine

Jumanne saa kumi alasiri Verna Liburd alikuwa jikoni, akichemsha samaki wa chumvi kwa mara ya pili ili apunguze ukali wake. Kaka yake Alford alikuwa amesimama sebuleni nyuma ya pazia, akichungulia barabarani. Mama yao, Ernestine, aliyezikwa Ijumaa, akaingia kwa mlango wa mbele na kofia yake ya kanisani kichwani. Alijifuta miguu, akauliza kama kuna mtu mtaani ambaye hajala.

Hakuna aliyeshtuka. Watu wa Nevis, kisiwa cha Karibea, wanajua kwamba marehemu hurudi kwake kila siku, siku nane. Ya tisa watu hukusanyika, huimba na kuomba, kisha hukigeuza kitanda chake na kuhamisha kabati, ili akija asikitambue chumba, ashike njia yake. Hata hapa Leeds, Uingereza, mambo yamekuwa hivyo tangu alipofia hapa mtu wao wa kwanza.

Mama Ernestine alikuwa na mkono wazi kupita kiasi. Kwa miaka hamsini na kitu pipa la buluu lilisimama kwenye ujia wa nyumba, likijazwa mchele, sabuni na soksi za kupelekwa Nevis kwa meli; likiondoka hili, linaletwa jingine. Kufa hakukumwondolea tabia hiyo. Verna alizitafuta taulo zake mpya asubuhi nzima, akazikuta ndani ya pipa.

"Mama, hizi zangu!"

"Una taulo ngapi, Verna? Na mgongo wenyewe mmoja."

Siku ya tisa walikuja watu wa kanisa. Walikula mchuzi wa mbuzi, wakaimba mpaka vioo vya madirisha vikatoka jasho. Ulipofika wakati wa kupanda juu, Verna alisimama kwenye ngazi.

"Kitanda hakiguswi."

Bi Ianthe, aliyefagia wodi za hospitali pamoja na marehemu tangu ujana wao, alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Una wazimu, mtoto wewe? Unataka mama yako azurure kama paka wa jirani?"

"Nataka atoe ushahidi, shangazi. Akimaliza nitakigeuza mwenyewe."

Alford aliletwa Uingereza akiwa na miaka sita, jina lake limeandikwa ndani ya pasipoti ya mama, na pasipoti hiyo ilirudishwa serikalini ilipoisha muda wake. Alikuwa mlinzi na fundi wa shule moja kwa miaka thelathini. Mwaka jana ikaja barua ikimtaka athibitishe aliingia lini nchini, la sivyo ataondolewa. Kazi ikaisha wiki hiyo hiyo. Aliyejua siku na bandari alikuwa mama peke yake, naye alikufa kabla ya kuandika neno. Tangu barua ile Alford alilala na viatu. Mlango ukigongwa, hata na mleta maziwa, mzee mzima aliingia kabatini na kuziba mdomo kwa kiganja. Nyumba yote ilikuwa na hofu, na hakuna aliyejifanya hana.

Jumatatu walikwenda ofisi ya uhamiaji, watatu: Verna, Alford na mama. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye mafua, na pakiti ya vidonge mezani.

"Shahidi ana kitambulisho?"

Verna alitoa cheti cha kifo. Kijana alikisoma, akakipiga muhuri.

"Kiko sawa. Bibi, mwanao aliingia lini?"

"Tarehe kumi na mbili Mei, mwaka sitini na mbili. Southampton. Alitapika kwenye koti la mtu."

Kijana aliandika yote, hata koti. Mama alivua skafu yake akamvisha kijana shingoni. "Unakunywa tangawizi, mwanangu? Utakufa na vidonge hivyo." Kijana alishukuru, akasema majibu yatachukua muda na shahidi asiende mbali.

Wakangoja. Wiki ya sita mama aliimba wimbo wake wa asubuhi, wenye beti tano, akaishia ubeti wa nne. Baada ya wiki mbili zilibaki beti tatu. Akawa anasimama mbele ya pipa na sabuni mkononi, asijue inapelekwa wapi.

"Anamalizika," Bi Ianthe alisema. "Aliyecheleweshwa husahau. Akisahau yote, hatajua tena anakokwenda. Unamfanyia nini mama yako, Verna?"

Verna aliendelea kumenya viazi. Akikigeuza kitanda anampoteza kaka, asipokigeuza, mama.

Barua ilikuja Machi. Ushahidi wa marehemu ulikuwa umepokelewa kwa shukrani, lakini haukuambatana na karatasi yoyote ya wakati ule. Kwa kuwa pasipoti yake ya mwisho ilikuwa halali, Bi Ernestine Liburd aliruhusiwa kukaa nchini bila kikomo. Bwana Alford Liburd alipewa siku kumi na nne awe ameondoka. Rufaa angeweza kukata akiwa nje, nayo ingesikilizwa ndani ya miaka mitatu, iwapo shahidi angekuwa bado yupo.

"Nevis simjui mtu hata mmoja," Alford alisema, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Mama alipiga magoti kando ya kochi, akamwombea kijana wa ofisini na mafua yake. Kisha akafungua kinywa aimbe, akasita.

"Verna, unaanzaje?"

Verna alimwanzishia. Mama alifuatisha kwa adabu, neno moja nyuma, kama mgeni kanisani anayeusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza.