Pale Reli Ilipokunja Kona

Treni ikipita Gatwekera, hapa Kibera, vumbi huamka. Hushuka kutoka kwenye mabati, hutua juu ya chai, juu ya Biblia, juu ya mabega ya mzee Wanzala. Halibishi hodi. Wala halisemi limetumwa na nani.

Leo kuna mgeni mwingine. Valary, binti wa Kawangware, simu mkononi ikirekodi. Anataka historia ya stesheni ya kwao Wanzala, kule magharibi, ambako treni ilikufa zamani na nyasi zikaifunika reli.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, Kuka," Valary anasema, akimwita babu kwa lugha ya kwao mzee. "Ni ya historia tu."

Tu. Mzee analitafuna neno hilo kama wali wenye mchanga. Hata hapa Gatwekera walikuja waulizaji, wapole, wa kuuliza tu. Nyuma yao ikaja rangi nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Nyuma ya rangi, tingatinga. Aulizaye ya jana anapima ya kesho.

Na kule, nyuma ya stesheni iliyolala, anaishi dada yake Lenah katika boma la kwao. Boma hilo likiandikwa kuwa ardhi ya reli, Lenah ataenda wapi na uzee wake? Kaburi la mama atamwachia nani?

Basi mzee anatoa kidogo kidogo, kama anayemlisha mbwa asiyemjua. Anatoa pamba iliyojaza mabehewa. Anatoa kengele, filimbi, moshi, akina mama wakikimbia na ndizi vichwani. Lenah hamtoi.

"Na ile nyumba iko nyuma," Valary anauliza, "ilijengwa lini?"

Kikombe kinasimama hewani. Ndilo hili. Ndilo alilokujia.

"Kwani umefika pale?"

"Nimefika."

"Ukaona reli inavyokunja kona kabla ya stesheni?"

"Niliona. Nikashangaa, na hapo ni tambarare."

"Hakuna mto pale, hakuna kilima. Kulikuwa na boma la babu yangu, hilo hilo lenye nyumba unayoiuliza, na babu alikataa kuhama. Sasa niambie, mjukuu wangu: reli hukwepa hewa?"

Valary anaisogeza simu karibu na mdomo wa mzee.

"Rudia hapo, Kuka. Polepole."

Wanzala anamtazama. Bado hamwamini, hata chembe. Lakini anarudia, neno kwa neno, kama fundi anayepigilia misumari.

Treni inapita. Vumbi linashuka juu ya chai, juu ya simu, juu ya mabega yake na ya mgeni. Mzee halipangusi. Nalo lilikuwa hapa kabla ya reli.