Benchi la Waliofutwa

Saa tatu asubuhi karani wa nyumba za manispaa alifuta mstari wa kumi na saba katika orodha ya wanaosubiri, na mwenye mstari, fundi cherehani mmoja, akatokea kwenye benchi la ofisi, pini zingali mdomoni. Karani akashusha pumzi. Huyo alikuwa wa tisa mwezi huo, na benchi lilikuwa la watu watano.

Wote alikuwa amewafuta kwa amri ya mkurugenzi, ambaye mashemeji zake hawakuwa na mwisho, na kila mmoja alitaka nyumba. Waliofutwa hawakuweza kwenda zao: aliyetoka mlangoni alijikuta anaingia. Karani alichoka kuruka miguu ya watu kila alipofuata karatasi kwenye printa.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Alikagua, akasema mashine ni nzima. Kitufe cha kufuta hakifuti kitu, kinakiweka pembeni tu. Aliyewekwa mwisho anarudishwa orodhani kwa kubonyeza mara moja kitufe cha kurudisha, ila ukishamfuta mwingine, huyo wa kabla yake ndiyo basi tena.

Jumatano mkurugenzi akaleta kikaratasi cha mstari wa kumi na nane. Mwenye mstari huo alikuwa shangazi yake karani, aliyemlea, na nyumba alikuwa ameingojea miaka kumi na mmoja. Karani akamweleza hivyo.

"Kila mtu ni shangazi wa mtu," mkurugenzi akasema.

Karani akafuta. Shangazi akatokea na kisu na nusu kitunguu, akasalimia benchi zima. Karani alijaza fomu ya kumrudisha, maana bila saini ya mkurugenzi asingethubutu, akapigwa danadana mpaka jioni: mkurugenzi yuko kikaoni, mkurugenzi anakula, njoo kesho. Kesho yake mkurugenzi alikuja mwenyewe na kikaratasi kingine, mstari wa ishirini na moja. Fomu hakuigusa. Alisema ataiangalia.

Karani akamgeukia shangazi, kidole kiko juu ya kitufe.

"Bonyeza, mwanangu," shangazi akasema. "Usije ukaletwa na wewe huku. Pa kukaa hakuna."

Akabonyeza. Akatokea mzee mmoja, ndala mguu mmoja, na shangazi akasogea kumpisha.

Mchana karani akapeleka fomu ya kuomba benchi la pili. Hiyo mkurugenzi aliisaini palepale, amesimama.