Udongo wa Kona ya Zizi

Mimi mwoga, sikatai. Tangu ukoo ukae kikao kule Bugwema, usingizi umenihama. Shemeji yangu Leonardi alilitaka shamba la marehemu mume wangu, wazee wakaamua: mvua za kwanza zikianza na mimi Nyangi nikawa na miti hai mpakani, shamba ni langu. Isipokuwepo, Leonardi analima.

Basi nikaotesha mijohoro kwenye viriba, vile vifuko vya miche. Kwa kuogopa samadi mbichi isije ikaunguza mizizi, nikachota udongo kwenye zizi la zamani, ile kona ambayo hata majani hayaoti. Nikajisifu kweli, eti sitasumbuka na magugu!

Jamani! Miche ikaanza kukauka ncha za majani. Nikazidisha maji, nayo ikazidi kukauka. Juu ya viriba kukatanda ungaunga mweupe. Nikasema Leonardi huyu kaniroga, au kanimwagia sumu. Mbwa akibweka tu, mimi huyo mlangoni nachungulia.

Mama mkwe wangu, Bibi Agness, ndiye aliyechukua udongo kidogo akauweka ulimini. Akatema.

"Magadi! We Nyangi, si pale ndipo mwanangu alikuwaga analambishia ng'ombe? Hukujiuliza kwa nini nyasi zinapakimbia?"

Nilitaka kulia, lakini mawingu yalishaanza kujikusanya. Tukachana viriba, tukaosha mizizi, tukapanda upya kwenye viriba vingine vyenye udongo wa shambani uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Majani yote yakapukutika. Mvua ikachelewa kidogo, nikaishukuru kimoyomoyo. Ilipokuja, tukapanda mpakani vijiti vitupu.

Leonardi akatokea na ng'ombe wa plau. Akacheka.

"Shemeji, hii ni miti au kuni?"

Hata mimi nilikuwa siamini. Naliona shamba linakwenda hivihivi, na mimi nimesimama. Akainama, aking'oe kijiti kimoja amwonyeshe mama yake kwamba kimekufa.

Kikatoka na bonge la udongo, mizizi mipya myeupe imelishika kila upande. Leonardi akabaki amekikodolea macho.

"Rudisha mti wa mdogo wako," Bibi Agness akamwambia.

Akapiga magoti kwenye tope, akaurudisha, akaanza kuushindilia. Nikamwambia asiukaze sana, mizizi ingali michanga.