Tulifika Kabla Hatujaondoka

Mie sipendi kuitwa mwongo. Kwa hivyo siku ile Mwalimu Wanu aliponisimamisha mbele ya darasa, akainyanyua karatasi yangu juu na kuuliza, "Mwanaasha, hiki nini?" damu ilinipanda kichwani hata kosa lenyewe sijalijua.

"Kazi yangu, Mwalimu."

"Isome, na wenzako wasikie."

Nkaisoma. Gari la ng'ombe la babu yangu, njia ya Chukwani, kutoka jiwe la maili moja mpaka jiwe linalofuata. Umbali, maili moja. Kuondoka, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Kufika, saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwanakheir, shoga yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja, ndo aliyecheka kuliko wote. "Wamefika kabla hawajaondoka!" akapiga kelele. "Ng'ombe wa babu yake jini yule!"

Mwalimu Wanu hakucheka. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mwembamba, kasoma mpaka Makerere, na alitufundisha fizikia sisi wasichana wa mwaka wa kwanza wa sekondari kana kwamba kaiwekea nadhiri. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, na si kila mtu mjini aliona maana ya msichana kusoma fizikia. Mwalimu alikuwa keshatwambia kwamba kazi ile ya kupima kasi ndiyo itakayoamua nani aendelee na fizikia na nani ahamie ushoni na mapishi. Mie nlitaka udaktari, na udaktari bila fizikia haupatikani. Kule Kiponda, nlikokuwa nakaa na Shangazi Sichana siku za skuli, cherehani ilikuwa ishapanguswa vumbi inanisubiri.

"Ama umezitunga hizi dakika kitandani," akasema Mwalimu, "ama unanifanyia mzaha. Lipi?"

"Hakuna hata moja. Nliandika nlichokiona."

"Saa mbovu husimama, Mwanaasha. Au huchelewa. Hairudi nyuma."

"Najua hairudi nyuma! Lakini ndo nlivyoona!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nlivyotaka. Mwalimu akaniwekea karatasi mkononi. "Keshokutwa asubuhi nnataka dakika za kweli, na sababu ya hizi za uongo. Ukikosa, jina lako nnalipeleka ushoni." Nkarudi kukaa. Mwanakheir akanong'ona, "Na wewe nawe, si ungeandika hamsini tu pale kwenye ishirini, nani angejua?" Nkamwambia aninyamazie.

Sasa na niseme ukweli, fizikia ilikuwa inanivuruga akili tangu siku ya kwanza. Mwalimu alitwambia kwamba mtu aliyekaa ndani ya gari katulia, na papo hapo anakwenda, inategemea nani anayemtazama. Nlipomhadithia Shangazi Sichana, akaacha kukuna nazi akanikodolea macho. "Mtu kakaa kitako, halafu anakwenda? Hiyo ndo elimu wanayokupeni?" Siku nyengine Mwalimu akasema, ukitoka mjini ukenda Uroa ukarudi pale pale ulipoanzia, ukipima toka mwanzo mpaka mwisho, umesogea sifuri. Shangazi akauliza kama na nauli mtu hurejeshewa. Nlimtetea Mwalimu kwa ukali, lakini moyoni nlikuwa upande wa Shangazi.

Kazi ile ya kupima kasi, basi, nliipenda, kwa sababu nliona hii naiweza. Chagua kitu unachokijua, angalia saa kikiondoka, angalia saa kikifika, gawa umbali kwa muda. Mwalimu alisema kila mtu aweke saa yake sawa na saa ya skuli, ili wote tupime kwa kipimo kimoja. Babu Mkadam, babu yangu mzaa baba, alikuwa anakuja mjini kila siku na muhogo na nazi, anauza, halafu alasiri anarudi kwao Chukwani na gari lake la ng'ombe. Alikuwa na saa ya mfukoni ya mnyororo, kitu anachokipenda kuliko ng'ombe. Nlimwomba asubuhi nende nayo skuli, akanipa. Nkaiweka sawasawa na saa ya ukutani ya skuli, nkaivaa shingoni, na alasiri nkapanda naye gari kwenda Chukwani mapumzikoni.

Kwenye lile jiwe la maili nlitazama saa vizuri, jua bado lipo juu ya minazi. Nkaandika. Mbele kidogo tukafika kwenye msikiti wa njiani, adhana ya Magharibi inaanza. Nkaivua saa nkampa Babu, nkatia udhu, nkasali juu ya mkeka pembeni ya gari, naye kasali msikitini. Akanirejeshea saa, tukaondoka. Kwenye jiwe la pili kiza kilikuwa kishaingia; nkawasha kandili nkasoma. Nkasoma tena. Nkaiweka sikioni, inagonga kama kawaida. Dakika tano kabla ya kuondoka! Nkajiambia labda macho yangu, labda kandili. Lakini nlichokiona nkakiandika.

Siku ile ya kuumbuliwa nlirudi Kiponda kwa miguu mizito. Nlikuwa sioni hata watu. Nlikuwa najiuliza kama ng'ombe anaweza kwenda mbio mpaka wakati ukarudi nyuma, yule ng'ombe ambaye Babu alimwita Taratibu na jina likamkaa. Nkajiuliza kama njia ile ina mashetani. Nkajiuliza kama mie mwenyewe ni mjinga tu, na hilo ndilo lililoniuma, maana lilikuwa rahisi kuaminika kuliko mengine yote.

"Una nini wewe?" Shangazi akaniuliza.

"Saa ya Babu mbovu! Imenitia aibu mbele za watu!"

"Ala! Usimwambie hivyo babu yako, utamuua. Saa ile haijapata kukosea Magharibi hata siku moja."

Nlikaa pale sebuleni nimenuna. Adhana ikaadhiniwa msikiti wa jirani. Shangazi akavuta kigoda, akakipanda, akafungua kioo cha saa ya ukutani, akausukuma mshale kidogo kwa kidole mpaka ukakaa juu kabisa, kumi na mbili kamili. Akafunga kioo, akashuka, akenda kutia udhu.

Jambo lile nlikuwa nimeliona kila jioni tangu sijaota meno. Nyumba zote za mtaa wetu zilifanya hivyo. Jua likizama ni saa kumi na mbili, siku mpya imeanza, na saa yoyote inayosema vyengine imekosea, unairekebisha. Nlikuwa nishazoea hata nlikuwa silioni.

Nkaruka. "Shangazi! Saa ya skuli nani anaigeuza Magharibi?"

"Saa ya skuli ni ya serikali. Itageuzwa na nani? Ile haijui hata jua liko wapi. Kwani unadhani kwa nini nnakutoa mlangoni mapema kila siku? Wenzetu wale wana haraka zao."

Nlikaa chini. Saa za namna mbili, nusu saa nzima baina yake miezi ile ya kaskazi, na mie nilikuwa naishi katikati yake kila siku bila kujua. Siku ile ya safari nliichukua saa ya Babu nkaitia wakati wa skuli. Halafu jua likazama. Halafu nkaivua nkampa mkononi mwake mwenyewe.

Asubuhi yake nlimkuta Babu sokoni Darajani anapanga muhogo.

"Shikamoo Babu. Siku ile njiani, wakati wa Magharibi, uliigeuza saa?"

"Marahaba. Sikuigeuza, niliitengeneza. Ilikuwa imepotea vibaya, sijui uliipeleka wapi."

"Uliirudisha kiasi gani?"

"Mie najua? Niliirudisha mpaka jua lilipokuwa." Akaniangalia usoni. "Kwani nimefanya nini, mjukuu wangu?"

Nkamweleza yote. Alisikiliza huku kashika muhogo mkononi, asiuweke chini. Alielewa mambo mawili tu, kwamba nimechekwa, na kwamba mkono wake ndo uliosababisha. Sikuweza kumtazama.

Skuli, Mwalimu Wanu alinisikiliza mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza nliona midomo yake inataka kucheka. "Baba yangu Makunduchi anafanya hivyo hivyo mpaka leo," akasema. Halafu akakaza uso. "Sababu nimeipata. Dakika za kweli ziko wapi?"

"Hazipo, Mwalimu. Babu hakuangalia aliirudisha kiasi gani."

"Basi rudia. Saa ikishaanza kupima haiguswi na mtu mpaka mwisho, hata awe nani. Nnazitaka kesho asubuhi, kama nilivyosema."

Alasiri nkapanda tena gari la Babu, saa shingoni, imewekwa wakati wa skuli. Shangazi alipiga kelele mpaka mwisho wa kichochoro kwamba msichana wa skuli halali shamba siku ya kazi. Kwenye jiwe la kwanza nkaandika: saa kumi na mbili na dakika ishirini. Jua lilikuwa bado juu ya minazi kama siku ile, na sasa nlijua kwa nini.

Tukafika msikitini. Adhana ikaanza, na mkono wa Babu ukaja wenyewe. "Nipe," akasema.

"Babu."

Mkono ukabaki hewani. Akautazama kama si wake, akauingiza kwapani akaubana. "Hebu niione tu," akasema. Nkamwonesha kwa mbali. Akainama, akasoma. "Jua ndo linazama sasa hivi, na hiyo inasema karibu nusu saa mbele. Uongo mtupu, Mwanaasha."

"Ni leo tu, Babu."

"Toka baba yangu aniachie saa hii sijapata kuiacha ikasema uongo Magharibi." Alisema kwa unyonge, bila hasira, na nlitamani agombe. Akenda kusali mkono bado ukiwa kwapani.

Kwenye jiwe la pili nkawasha kandili. Saa kumi na mbili na dakika hamsini. Nusu saa kwa maili moja. Maili mbili kwa saa. Nlipiga kelele za furaha mpaka Taratibu akatikisa masikio. "Tumefika baada ya kuondoka, Babu!"

"Alhamdulillahi," akasema, ingawa sidhani kama alijua anashukuru nini. Halafu akanyoosha mkono, nkampa saa yake. Akashika kile kifundo cha juu cha kuigeuzia kwa vidole viwili, akatazama magharibi. Kiza kitupu. Akatazama saa, akatazama tena mbingu. Jua lilikuwa lishakwenda zake, na hakujua limekwenda muda gani. Mzee wa watu alisimama pale njiani kashika saa, hana saa.

Akanivisha shingoni. "Kaa nayo."

"Babu, sitaki! Kesho Magharibi utaitengeneza."

"Na keshokutwa utaitaka tena, na mie ntaigeuza tena. Vidole hivi havinisikii, umeona mwenyewe. Kaa nayo mpaka umalize masomo yako."

"Sasa wewe utajuaje saa?"

"Adhana si naisikia?" Akampiga Taratibu kidogo mgongoni, tukaenda.

Asubuhi Mwalimu Wanu aliisoma karatasi yangu mara moja tu. "Na kusali mmesali humu humu ndani ya nusu saa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nitoe?"

"Usitoe. Hiyo ndo kasi ya wastani. Ng'ombe akisimama, saa haisimami." Akaandika jina langu upande wa fizikia. Mwanakheir naye aliandikwa, ingawa yeye alipima baiskeli ya kaka yake na mpaka leo naamini dakika zake alizitunga.

Siku ya mapumziko nlikwenda Chukwani mbio kumpa Babu habari. Nlimkuta kakaa barazani, na kabla sijafungua mdomo adhana ya Magharibi ikalia. Mkono wake ukaingia mfuko wa kizibao. Mfuko ulikuwa mtupu, nao mkono ukabaki humo humo. Nliona kwa juu ya kitambaa kidole gumba kinazungusha, kinazungusha, hakuna kitu. Machozi yalinijaa, nkageuza uso asinione.

"Hee, daktari kaja," akasema. "Saa ngapi hapo?"

Nliitazama saa shingoni kwangu. Ilisema kumi na mbili na nusu. Mie ni yule yule nisiyependa kuitwa mwongo, mbele ya mtu yeyote.

"Kumi na mbili kamili, Babu."

Akaitikia kwa kichwa, karidhika. Akautoa mkono mfukoni, akenda kutia udhu.