Mkeka Mbele ya Geti la Bandari

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kusema. Woga ndio ulionitoa vitani Uvira nikiwa hai. Kwa hiyo Maman Félicité, mkubwa wa kwaya yetu, aliposema akina mama tukakae matanga mbele ya geti la bandari, nilianza kutafuta udhuru papo hapo.

Manowari ya kigeni ilikuwa imetia nanga pale Point, bandarini Durban, meli ya nchi inayowauzia silaha wale wanaotuulia watu nyumbani. "Hatutapiga kelele, hatutarusha ata jiwe," alisema Maman. "Tutakaa chini tu, tulilie wafu yetu. Waaskari yao watuone." Yeye alikuwa na wa kulilia. Wanawe wawili walizikwa mwezi Machi, naye akayatazama mazishi kwenye simu.

Mume wangu Anaclet alinikataza. "Papier yako inabakia siku kumi na moja! Wakikukamata, nani atakufanyia renouvellement, muda uongezwe? Watakurudisha kwenye vita ile ile!"

Nilijua. Lakini kwetu mfiwa akikaa chini, humwachi akae peke yake. Nikaenda, karatasi ya hifadhi ya ukimbizi nimeisokomeza kifuani, maana hapa Durban hatutoki hata kununua mkate bila hiyo.

Tulikuwa thelathini, vitenge vyeusi, mikeka juu ya lami, saa nne asubuhi. Ng'ambo ya waya mabaharia walitupiga picha. Mimi nilichagua kukaa mwisho kabisa, karibu na njia ya kukimbilia. Kila gari likipita, niligeuka kuangalia kama ni la polisi.

Kisha magari matatu ya polisi yakaja kweli. Afisa akashuka na kipaza sauti, akatupa dakika kumi tuondoke. Basi, ushujaa wetu wote ukaishia hapo. Mikeka ikakunjwa haraka haraka, na wa kwanza kusimama nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshafika kwenye robot, zile taa za barabarani, wenzangu nyuma yangu, nilipogeuka kutazama.

Maman Félicité alikuwa bado amekaa, miguu ameinyoosha mbele, polisi wamemzunguka.

Kwetu mfiwa asipoinuka, matanga hayajaisha. Kama amekataa kuondoka, amekataa kwa niaba yetu sote. Nikajilaani, nikamlaani na yeye. Halafu nikarudi, nikakaa ubavuni pake. Nyuma yangu nikasikia mikeka ikikunjuliwa. Wote walikuwa wamenifuata.

Maman akanigeukia, macho yamemtoka. "Julienne, unafanya nini? Mi nilikuwa nawaita muniinue! Magoti imekufa, siwezi simama!"

Nikamwinamia. "Kumbe hukukataa?"

"Nikatae nini, mtoto wangu? Ata mi naogopa!"

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Afisa akauliza kwa Kiingereza kiongozi ni nani. Nikaona macho ya akina mama yakiniangukia mmoja mmoja, mimi niliyetangulia kurudi. Maman akaanza kuinua mkono wake. Niliushika, nikaurudisha chini. Angelalaje rumande na magoti yale?

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikaogopa hata hiyo.

Akadai karatasi. Nikaitoa, imelowa jasho. Akaisoma tarehe, akaikunja, akaitia mfukoni mwake, akaniamuru nisimame. Nilimwomba amwinue mama huyu kwanza. Yeye akiinuka, nikamwambia, wote watainuka. Alinitazama akidhani namchezea. Mwishowe yeye na mwenzake wakamshika Maman makwapani, wakamsimamisha. Mikeka ikakunjwa. Akina mama wakaondoka bila neno, wamemshika Maman huku na huku, analia na kuliita jina langu.

Hakuna aliyenifunga pingu. Afisa alielekea tu kwenye gari na karatasi yangu mfukoni, nami nikamfuata.