Alama ya Waridi

Sili ya nne Baya aliitundika kwenye msumari, akaizungusha mpaka uso wake ukalielekea dirisha sawasawa, kisha akapima kwa tepu ya fundi cherehani: sentimita ishirini na tano kutoka kwenye kioo cha kamera, si ishirini na sita. Akatazama nyuma ya kamera kuhakikisha kwamba ile alama ya waridi haikuwaka. Haikuwaka. Akabana pumzi, akabonya. Kamera ikasaga meno, maana ndivyo ilivyolia kila ilipokuwa ikiiandika picha kwenye disketi iliyo tumboni mwake. Akaichukua kalamu, akaandika daftarini, akainama kupiga tena.

Alikuwa akipiga vibaya makusudi. Mtu aliyekula mkate wa picha miaka ishirini na mbili, Jumapili ya mapumziko, amejifungia chumbani Kibokoni akitafuta ukungu kwa bidii ambayo wengine huutafutia uwazi.

"Baba Kadenge," mkewe Everlyne aliita kutoka jikoni, "hivyo vyuma vyako vina harusi? Tangu tutoke kanisani wavipiga picha tu. Mimi mkeo mara ya mwisho nilipigwa mwaka gani?"

"Ni kazi ya ofisi, mama."

"Kazi ya ofisi ina ofisi yake." Akaja akamwekea kikombe cha chai juu ya meza, mbali na daftari, kwa sababu alimjua. "Kunywa. Chuma hakipoi, chai yapoa."

Chai ikapoa.

Sili ni kifungo kidogo cha chuma, kirefu kama kidole, ambacho kontena hufungwa nacho likishapakiwa. Kikifungwa kimefungwa, hakifunguki ila kwa kukatwa, na kila kimoja kina nambari yake. Ikiwa nambari iliyo kwenye mlango wa kontena ni ile ile iliyo kwenye karatasi za meli, kontena halikuguswa njiani. Ikiwa sivyo, kuna mkono uliopita. Kazi ya Baya, katika kampuni ya ukaguzi wa mizigo huko Kilindini, ilikuwa kupiga picha za sili, za mabati yaliyobonyea na za magunia yaliyolowa, ili watu wa bima wasibishane na upepo.

Miaka yote hiyo alitumia filamu. Mwanzoni mwa mwaka ule wa tisini na tisa, Bi Eddah, meneja wao, akamkabidhi kamera mpya isiyotaka filamu. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa kwa Kijerumani, na ofisi nzima hapakuwa na aliyejua Kijerumani. Baya hakulalamika. Hata ile ya filamu hakufundishwa na mtu. Alinunua daftari la kurasa sitini na nne, akachora kila alama iliyomo kwenye kamera, akaijaribu mchana mmoja kila moja, na ubavuni akaandika alichokiona. Mshale wa radi: flashi. Saa: hungoja sekunde kumi. Mraba mkubwa: picha kubwa, chache kwa disketi. Mraba mdogo: picha ndogo, thelathini kwa disketi. Ua: akaijaribu kwenye waridi lililopandwa kando ya lango la ofisi, likatoka zuri ajabu, likahesabika kila jani. Akaandika: *Waridi. Ya kupigia maua.*

Basi hakuiwasha tena. Bandarini hakuna maua.

Mambo haya hayamchekeshi mtu aliyejifunza peke yake. Mtu wa namna hiyo huliamini daftari lake kuliko vitabu, kwa kuwa kila neno lililomo amelilipia kwa mchana mzima. Na kile kioo cha nyuma ya kamera kilikuwa kidogo kama kiberiti; kila picha ilionekana safi humo.

Mwezi wa Agosti, asubuhi ya saa mbili unusu, alikuwa kwenye yadi moja ya makontena pamoja na Nicanor. Nicanor alikuwa karani wa kupokea mizigo pale yadini, mtu wa bara aliyekuja Mombasa kijana na kuzaa watoto wake wote hapa, mpole, mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Alisimama nyuma ya kontena moja lililoshushwa usiku, karatasi mkononi.

"Mzee Baya, hebu njoo na hiyo redio yako," alisema. Kamera ile aliiita redio kwa ukubwa wake. "Hii sili si yao. Sili za meli hii zina mistari miwili, jina juu, nambari chini. Hii ina nambari tupu."

Baya akainama, akapiga. Alipoinuka alimwona Nicanor amefungua kitabu chake, anaanza kuinakili ile nambari.

"Waandika nini tena?" Baya alimwambia, akiwa na ile fahari ya mtu mwenye chombo kipya. "Nimeshaipiga. Binadamu hukosea tarakimu, mashine haikosei. Andika 'tazama picha', yatosha."

Nicanor akacheka, akakata tarakimu mbili alizokwisha kuandika, akaandika: *Sili tofauti, tazama picha ya Mzee Baya.*

Kontena likafunguliwa. Katoni arobaini za vitambaa hazikuwamo. Sili iliyokatwa ikatupwa kwenye pipa pamoja na nyingine mia, na pipa likamwagwa. Na picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya Bi Eddah, uso wa ile sili ulikuwa kama kioo cha dirisha jikoni pakichemshwa nyama. Mstari mmoja wa ukungu mweusi, basi.

"Kamera ilikuwa na hitilafu, Mzee Baya?" Bi Eddah aliuliza.

"Kamera ni nzima. Hizi za kisasa, kwa vitu vidogo, ndivyo zilivyo."

Siku ile hakusema uongo. Ndivyo alivyoamini. Wakubwa wa yadi wakaona kitabu cha karani hakina nambari, picha haina nambari, na katoni hazipo. Wakamsimamisha kazi Nicanor mpaka kikao kikae. Kikao kilikuwa kesho, Jumatatu, saa nne.

Lakini Alhamisi iliyopita Baya alikuwa amerudi nyumbani na kamera, na Everlyne alikuwa amenunua kishada cha asumini kwa yule bibi wa pembeni mwa njia, amekilaza juu ya leso yake. "Nipigie hii kabla haijanyauka," akasema. Maua ni maua: Baya akaiwasha alama ya waridi. Halafu akatazama kwenye kioo, na macho yake hayakukaa kwenye asumini. Yalikaa kwenye leso. Nyuzi zilionekana. Uzi juu ya uzi, na herufi za jina la leso zimekata kama wembe. Akaivua saa yake mkononi, akaiweka kwa shubiri moja, akaipiga. Akaiona hata alama ya mkwaruzo iliyo pembeni ya saa sita.

Ile alama haikuwa ya maua. Ilikuwa ya vitu vya karibu.

Tangu Alhamisi hiyo yale maneno yake kwa Bi Eddah yalianza kugeuka. Hayakuwa uongo alipoyasema, lakini kila siku aliyonyamaza yaliusogelea uongo hatua moja, kama maziwa yanavyosogea kwenye uchachu bila mtu kuyagusa. Ijumaa alifika mpaka mlangoni kwa Bi Eddah, akauliza kuhusu betri, akarudi. Alikuwa na sababu, na sababu hazikuwa za kipuuzi: tangu Machi amepiga sili zaidi ya elfu moja, akisema hili, zote zitatiliwa shaka, na yeye amebakiza miaka mitatu astaafu. Alizipanga sababu zake vizuri. Zilipopangika alizitazama, akaona ni ukuta, na nyuma ya ukuta yupo Nicanor.

Ndipo Jumamosi alipofikiria jambo. Ule ukungu ulikuwa mstari mmoja. Je, sili ya mistari miwili, ikipigwa kwa makosa yale yale, hutoa ukungu wa mistari mingapi? Ikiwa hutoa miwili, basi ule mmoja ungeonyesha kwamba sili ile kweli haikuwa ya meli, kama Nicanor alivyosema. Alikuwa na kopo la maziwa lililojaa sili zilizokatwa, alizoziokota miaka yote kwa tabia tu. Akachagua sita za ile meli, akazipiga dirishani ofisini bila waridi, akazifungua kwenye kompyuta. Nne zilitoa mistari miwili ya ukungu. Mbili ziliungana, zikawa mmoja.

Nne kwa mbili si ushahidi. Ndiyo maana leo alikuwa na tepu. Alichora safu daftarini: sili, umbali, mwanga, ukubwa wa picha, waridi. Mstari wa kwanza ulikuwa wa ile picha ya Agosti yenyewe. Umbali: kiasi cha shubiri moja na robo. Mwanga: kivuli, asubuhi. Ukubwa: mraba mdogo. Kwenye safu ya waridi hakuandika kitu. Mistari yote iliyofuata ilikuwa na neno *haikuwashwa*, ila huo wa kwanza tu. Na alijua kwamba bila neno hilo hapo juu, mistari mingine yote ni mchezo wa mzee na kopo la vyuma.

"Hodi!"

"Karibu! Ah, shemeji!" Everlyne alisema mlangoni. "Pita, yuko na wake wenzangu humo ndani."

Nicanor akaingia amevaa shati la kanisani, amekonda kidogo shingoni. Baya akasimama upesi kupita kiasi.

"Kaa, ndugu yangu, kaa. Shemeji Mwende hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Mzee Baya, hata siku ya Bwana hiyo redio haipumziki?" Akaketi, akatoa bahasha mfukoni. "Nimekuja kukusumbua. Nimeandika barua ya kesho. Wewe Kiswahili chako kimenyooka. Nitazamie kabla sijajiaibisha."

Baya akaikunjua. Mwandiko ule ule wa kuonewa wivu. *Nakiri kwamba nilizembea kwa kutoandika nambari ya sili kitabuni kama inavyotakiwa na kazi yangu. Naomba radhi, na naomba nifikiriwe kwa kuwa nimetumikia yadi hii miaka kumi na minne bila doa.*

Akaisoma mara mbili. Hapakuwa na kosa la kusahihisha.

"Mwende ndiye aliyenishauri," Nicanor alisema. "Amesema mtu akiinama jiwe humpita juu. Pengine watanipa onyo, yaishe."

"Mbona hukuandika kwa nini hukuandika nambari?"

"Nitaandika nini?"

"Sababu."

Nicanor akatazama sakafuni. "Mzee, hilo liache. Ulinishauri kwa nia njema. Mimi nitasimama mbele ya watu niseme mtu mzima ndiye aliyenikataza? Kitabu kilikuwa mkononi mwangu, si mwako."

Jikoni Everlyne alikuwa akiosha sufuria, akaacha.

Baya akaichukua kamera. Hakuwa mtu wa maneno, na maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa yamejipanga kwenye ule ukuta. Akaiwasha alama ya waridi, akailenga ile sili iliyokuwa msumarini, akabonya. Kamera ikasaga meno. Akamwelekezea Nicanor kile kioo.

Nicanor akaitazama. Akasogeza uso. Akasoma jina la kampuni ya meli, halafu nambari, tarakimu moja moja, kama mtoto anayesoma ubao.

"Hii ndiyo kamera ile ile?"

"Ndiyo ile."

"Na ile picha yangu?"

"Kuna alama sikuiwasha. Nilidhani ni ya maua. Kosa si la mashine, wala si lako. Ni langu, na niliwaambia ni la mashine."

"Umejua lini?"

Hapo angeweza kusema leo.

"Alhamisi."

"Alhamisi." Nicanor akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine: "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, leo. Ijumaa nilikutana nawe pale Makadara. Ukaniuliza habari za watoto."

"Ndiyo."

"Nikakwambia wazima."

Baya akaiweka kamera mezani. Everlyne alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

Nicanor akaichukua barua yake, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, na bahasha mfukoni. Hakuichana. Kisha akaliona daftari.

"Na haya makaratasi?"

Baya akamweleza, polepole, safu kwa safu: mstari mmoja, mistari miwili, nne kwa mbili. Akamwambia ukungu wa picha za leo hauonekani mpaka zifunguliwe kwenye kompyuta ofisini, na hata hizi si kamili, kwa kuwa dirisha la Kibokoni si kivuli cha kontena. Jaribio lenyewe hasa lingefanywa yadini, saa ile ile, mwanga ule ule. Akamwambia pia kwamba huenda lisithibitishe chochote.

Nicanor akaweka kidole kwenye nafasi iliyo wazi. "Hapa pamebaki."

Baya akachukua kalamu. Akaandika *haikuwashwa*, na chini yake jina lake na tarehe, kwa herufi kubwa zaidi kuliko alivyozoea.

"Zimebaki sili ngapi?"

"Nane."

Nicanor akaishika ncha ya tepu, akaibana ukutani kando ya msumari. Wakapiga ya tano, ya sita, ya saba. Hawakuzungumza ila nambari. Kwenye ya nane kivuli cha nyumba ya pili kikapanda mpaka dirishani, na Baya akashusha kamera. Kupiga kwa mwanga mwingine kungeharibu hesabu yote.

"Basi tena kwa leo," akasema. "Hizi tano nitakuja nazo yadini asubuhi. Kisha nitapita kwa Bi Eddah kabla ya kikao."

Nicanor akaiachia tepu, ikajikunja yenyewe mezani. Chai aliyowekewa hakuigusa. Akamuaga Everlyne kwa heshima zote, akashuka ngazi, na alipofika chini akageuka. Kwa miaka yote waliyojuana hajapata kumwita ila Mzee Baya.

"Saa mbili unusu," alisema. "Usichelewe, Baya."