Mia Nne na Arobaini

Jirani wa chumba cha pili, ambaye watu wote humwita Mama Cherehani kwa kuwa mashine yake haijui kupumzika, anasema alimwona Pasi kwa macho yake mawili, bila kuambiwa na mtu, akirudi nyumbani na mfuko mweusi uliojaa noti. Ilikuwa Jumatano, anasema, na mfuko ulikuwa mzito hata binti akawa anauhamisha mkono huu na huu kila hatua tatu. Anasema hisa za shangazi yake ziliuzwa wiki ile ile bei ilipopanda, hisa elfu tatu, kila moja mia nne na kumi na mbili, na kwamba bibi wa watu huko aliko hajaonja hata senti. Ukimwambia Pasi hana tabia hiyo, anacheka kwa pua na kuuma uzi. "Mpole vile? Hebu niachieni mie."

Mfuko ulikuwa na henga. Henga za waya za kutundikia nguo, thelathini na mbili, zilizopinda, ambazo mwenye duka la dobi alimpa Pasi azinyooshe nyumbani kwa malipo ya pembeni. Na hisa hazikuuzwa, hata moja. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo, maana kama angekuwa ameziuza, asingekuwa na kosa lolote.

Pasi alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na jina hilo alilipata kazini, kwa sababu hapo kwenye dobi yeye ndiye wa kupiga pasi tangu asubuhi hadi jioni: kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo. Shule aliishia darasa la saba. Shangazi yake, dada wa baba yake, alimchukua akiwa na miaka sita na kumlea katika chumba hicho hicho chenye vitanda viwili vya chuma na pazia la maua katikati. Shangazi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji. Kwa miaka ishirini na miwili alishona midomo ya mifuko, na kiwanda kilipoingia kwenye soko la hisa, wafanyakazi walipewa nafasi ya kununua, akanunua. Wenzake waliuza mwaka ule ule. Yeye alizikalia.

Mwaka jana mwanawe wa kiume alimwita akakae naye, mji mwingine, safari ya siku nzima. Shangazi alifungasha, akaacha kilemba chake cha kijani kikining'inia kwenye nguzo ya kitanda, akamwachia Pasi barua yenye sahihi yake na mhuri, ya kumruhusu kushughulikia hisa.

"Mwanangu, kazi ni moja tu," alimwambia. "Zikifika mia nne, uza. Chini ya hapo hata wakulilie, usiuze."

Basi Pasi akaenda kwa madalali wa hisa. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani, ina benchi moja la mbao, ubao wa bei ukutani na madirisha mawili ya kioo. Dirisha la pili alikaa dada mmoja mnene, mwenye mafua yasiyopona, aliyeongea huku akitafuta leso. Alisoma barua, akamtazama Pasi, akasogeza fomu.

"Mdogo wangu, unataka oda gani?"

Pasi alidhani oda ni ya chakula. Hakusema. Alikuwa mtu wa kusubiri mpaka jambo lijieleze lenyewe, na kweli likajieleza.

"Sikiliza," dada akasema. "Ukiniambia uza kwa bei ya soko, nauza sasa hivi, kwa bei yoyote nitakayoikuta pale. Haraka, lakini usije ukanililia hapa kesho. Ukiniambia uza kwa kikomo, unanitajia bei, na mimi siuzi chini yake. Ikifika hapo au ikapita, nauza. Isipofika, siuzi, tunakaa tunatazamana. Ya tatu ni ya kukata hasara. Hiyo unaweka bei ya chini kuliko ya leo. Hisa zikianza kuporomoka zikagusa hapo, naziuza kwa nitakachopata, kabla hazijafika shimoni."

Pasi alifikiri kidogo. "Hii ya kikomo ni kama pasi yangu. Unaiwekea alama, joto likifika pale inajikata yenyewe hata kama umegeuka."

Dada alisahau leso. "Hapo sasa! Mimi niliyesomea miaka mitatu sikuwahi kuambiwa hivyo. Unaweka ngapi?"

"Mia nne."

"Haya. Ila oda hii inaishi siku thelathini. Zikiisha inakufa. Ukiitaka tena, unakuja unaijaza upya."

Siku hiyo ubao ulionyesha mia tatu na hamsini na nane.

Ndipo ikaanza desturi ya Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya kazi Pasi alipitia ofisini kutazama ubao, akafika nyumbani, akaketi kitandani kwake, na simu ikaita.

"Zimefika?"

"Bado, shangazi. Mia tatu na sitini na saba."

"Zinatembea kama konokono. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, usinidanganye."

Na kutoka hapo waliongea nusu saa. Shangazi alimsimulia wajukuu wanavyomruka asubuhi wakienda shule, kwa kuwa analala sebuleni, godoro chini. Alimsimulia mkwe wake, mwanamke mwema lakini anayefunga kabati la sukari kwa ufunguo. "Nacheka tu, mwanangu. Nimeshona mifuko milioni ya saruji, leo nafungiwa kijiko cha sukari." Pasi alicheka mpaka machozi, akafunga simu, na chumba kikarudi kama kilivyokuwa. Upande wa pili wa pazia hapakuwa na mtu wa kukohoa. Wiki nzima hakuna aliyemwuliza amekula nini. Kazini waliongea naye kuhusu mashati. Nyumbani Mama Cherehani aliongea naye kuhusu watu wengine. Kila Jumamosi alibadilisha shuka za vitanda vyote viwili, akazinyoosha pembe, ingawa cha pili hakikuwa kimelaliwa.

Miezi ikaenda. Oda ikafa, akaijaza upya. Ikafa, akaijaza. Bei ikapanda polepole: mia tatu na sabini na tisa, themanini na nne, tisini. Na kadiri ilivyopanda, shangazi akazidi kusimulia habari moja tu. Mwanawe amempa kipande cha uwanja nyuma ya nyumba. Fedha za hisa zikitoka atajenga chumba chake mwenyewe, chenye mlango wake na dirisha la kutazama mashariki.

"Nikishaingia humo, mwanangu, mimi sitoki tena. Basi. Nimefika."

"Itakuwa vizuri, shangazi."

"Na hutasumbuka tena na mambo ya kupanda ngazi za madalali. Utapumzika na mimi."

Shangazi alisema hivyo kwa wema. Pasi alisikia mengine. Chumba kikijengwa, hatarudi. Hisa zikiuzwa, hakuna cha kuuliza Ijumaa. Mtu hapigi simu ya mbali, vocha ghali, kuuliza tu umekula nini.

Alhamisi ya wiki iliyofuata oda ilikuwa imekufa tena, na ubao ulisoma mia tatu na tisini na sita. Dada wa mafua alimkaribisha kama ndugu.

"Leo naona harusi imekaribia! Nne tu zimebaki. Nakuandikia mia nne ile ile?"

Pasi alisikia mdomo wake ukisema, "Andika mia nne na arobaini."

Dada aliinua kichwa. "Arobaini? Ndiyo bei anayotaka shangazi?"

"Ndiyo."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema."

Kalamu ikaandika. Pasi akaweka sahihi yake ya herufi kubwa kubwa, akashuka ngazi, na njia nzima akajiambia kwamba si wizi. Hakuchukua kitu. Hata ikifika arobaini, shangazi atapata zaidi. Alijiambia hivyo mara nyingi kiasi kwamba alipofika nyumbani alikuwa amechoka kama aliyebeba maji.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumanne, redio ya kazini ilisema kiwanda cha saruji kitafungua tanuru jipya. Jumatano ilisema hisa zake zimegusa mia nne na kumi na mbili. Pasi alikuwa ameshika shati jeupe la mteja. Aliisimamisha pasi pembeni kabla haijaunguza, akabaki ameikodolea macho. Jioni akapewa henga zake, akazibeba, akazihamisha mkono huu na huu, na Mama Cherehani akamwona.

Alhamisi kiwanda kilikanusha habari ya tanuru. Bei ikaporomoka hadi mia tatu na sabini na moja.

Ijumaa simu iliita mapema, na shangazi alikuwa anacheka kabla ya salamu.

"Mwanangu! Wameniambia! Kaka yako amesoma gazetini, zilifika mia nne na kumi na mbili! Tumeuza, sivyo? Fundi wa matofali nimeshamwambia aje Jumatatu."

"Hazijauzwa, shangazi."

"Hazijauzwaje? Si uliwaambia mia nne?"

"Nilipandisha. Niliweka mia nne na arobaini."

Upande wa pili palisikika watoto wakigombania kitu, na mlango ukifungwa.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na maneno yote, ameyakunja vizuri kama nguo za mteja. Lakini alitazama kilemba cha kijani kwenye nguzo, na hakuna lililotoka.

"Sawa, mwanangu," shangazi akasema. Hakukemea. Hakumwuliza amekula nini. Simu ikakatika.

Ijumaa iliyofuata haikuita. Pasi alipiga yeye, ikaita hadi mwisho. Akapiga tena, ikaita hadi mwisho. Jumamosi akiwa bombani, Mama Cherehani alimpokea mbele ya watu.

"Mwenye nazo huyo anakuja! Pasi, soda yetu lini?"

"Siku nikizipata utakuwa wa kwanza kuziona, mama. Dirisha lako si linakesha likitazama kwangu?"

Watu wakacheka, Mama Cherehani akacheka pia, lakini Pasi alirudi na ndoo nusu, hakungoja ijae. Alifunga mlango, akakaa kwenye kitanda cha shangazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aondoke.

Siku ya thelathini ya oda ile iliangukia Ijumaa. Pasi aliomba ruhusa saa sita, akapanda ngazi. Ubao ulisoma mia tatu na sitini na nne. Dada wa mafua hakutania safari hii, kwa kuwa alimwona uso.

"Oda yako inakufa leo saa tisa, soko likifungwa. Mwambie shangazi achague. Nikiuza kwa bei ya soko, anapata hii hapa, na yanakwisha. Nikiweka kikomo cha mia nne, tunarudi kusubiri, mwezi au mwaka, sijui. Au aziache, lakini aweke ya kukata hasara, mia tatu na hamsini, zisije zikamzamia zote."

"Wewe ungefanya nini, dada?"

"Mimi?" Akapenga kamasi. "Mimi silali sebuleni kwa mtu, mdogo wangu. Muulize mwenyewe."

Pasi hakukumbuka ni lini alimwambia habari ya sebule. Huenda ni katika safari zile za kujaza upya. Kumbe alikuwa akiongea pale dirishani zaidi kuliko alivyodhani.

Aliketi kwenye benchi, akapiga. Iliita hadi mwisho. Basi akaandika ujumbe, herufi kwa herufi, akafuta, akaandika tena, na kwa kuwa kilichokuwa kikimsubiri ni kioo cha simu na si mtu, maneno yakatoka:

"Shangazi, nilipandisha bei kwa sababu ukishapata chumba hutanipigia. Sikuchukua kitu. Shuka zako nabadilisha kila Jumamosi. Leo saa tisa oda inakwisha. Niambie niuze kwa bei iliyopo ili ujenge hata nusu ukuta, au tusubiri mia nne, au tukate hasara. Nitafanya utakalosema. Nijibu, hata kama ni kunitukana."

Akatuma. Alama ya kufika ikaonekana. Baada ya dakika chache ikaonekana na ya kusomwa.

Pasi aliiweka simu juu ya goti, uso juu. Wateja waliingia na kutoka; mzee mmoja aliuza kwa bei ya soko akaondoka akipiga mluzi. Saa tisa kasoro dakika kumi dada aliigeuza fomu na kuisukuma mpaka ukingo wa dirisha, ikielekea benchi, jina la shangazi limeshaandikwa, idadi elfu tatu imeshaandikwa, kisanduku cha bei kikiwa kitupu.

"Amejibu?"

"Amesoma."

"Dakika kumi, mdogo wangu."

Kule dirisha la kwanza walishaacha kupokea oda. Pasi alisimama, akachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba, akaishika juu ya kisanduku, na kwa mkono mwingine akaipiga tena namba ya shangazi, akaweka simu sikioni, akasikiliza ikiita.